Nilikwenda Kambi ya Enanga



Mama mmoja wa hapa Karagwe, mjane, ambaye mwanawe yu katika madrasa yangu na amekwisha kuhifadhi juzuu kumi na moja, alinijia siku moja baada ya sala ya Alasiri akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu ataka kwenda kambi ya muziki na mila kule Kyerwa, siku tano za likizo. Nimpe ruhusa au nimkatalie?"

Jawabu ilikuwa tayari ulimini mwangu. Ningalisema "Mkatalie", kama nilivyozoea kusema kwa muda wa miaka thelathini, na mama yule angalikwenda zake. Lakini kabla sijafungua kinywa aliongeza neno: "Ataka kujifunza enanga, kama babu yake." Hapo nikanyamaza. Babu yake namjua, na sababu iliyomfanya asimfundishe mjukuu wake enanga naijua kuliko mtu ye yote, kwa kuwa sababu hiyo ni mimi.

Kwa wasomaji wetu walio mbali, enanga ni ala ya nyuzi ya watu wa huku, Wanyambo na Wahaya. Huchongwa katika gogo moja la mti, ikawa kama chano kirefu chenye kina kidogo. Uzi wake ni mmoja tu, mrefu, nao hupitishwa kutoka kichwa mpaka mwisho na kurudi, mara saba au nane, kila mpito ukakazwa mpaka utoe sauti yake. Zamani uzi huo ulikuwa wa mshipa wa ng'ombe. Mpigaji hukaa kitako, akapiga kwa vidole, na huku akisimulia kwa kuimba habari za mashujaa, za watawala, za ng'ombe na za koo za watu. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika tasnifu yake ya mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya tenzi hizo za enanga za Wahaya, na mojawapo ya zinazojulikana sana ni ule wa Rukiza. Basi mtu asidhani kuwa ni kelele za walevi tu. Ni maktaba ya watu ambao hawakuwa na karatasi.

Nao si mchezo wa juzi. Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe mwezi wa Novemba mwaka 1861, wakapokewa na mtawala Rumanyika kwa ukarimu mkubwa. Speke alipoendelea na safari ya kwenda Buganda, Grant alibaki huku miezi kadhaa kwa ugonjwa wa mguu, mpaka Aprili ya mwaka 1862. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1864 ameeleza enanga aliyoiona: ya mti mweusi mzito, umbo la chano, urefu wa kiasi cha inchi 22, uzi umepitishwa mara saba au nane. Nduguye Rumanyika alimpelekea mpigaji hodari kuliko wote aliowajua. Mtu huyo aliingia, akausimamisha mkuki wake, akakaa mkekani, akageuza uso upande, akaimba bila ya kucheka hata kidogo. Aliimba habari za kutumwa kwake kwa mgeni, na habari za mbwa mmoja aliyependwa, na watu wakauimba wimbo wa mbwa yule kwa siku nyingi baadaye. Wasomaji wasinicheke kwa kuwaletea habari za mbwa katika gazeti hili. Nataka tu waone kwamba mtu aliyekuja kutoka mbali, ambaye hakujua lugha yetu, alikaa akasikiliza. Mimi niliyezaliwa huku sikusikiliza.

Ilikuwa mwaka 1993. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni karibuni, kilemba changu kipya na ulimi wangu mkali. Mzee huyo, wakati ule akiwa mtu mzima mwenye nguvu zake, alisilimu pamoja na mkewe, alhamdulillahi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha udhu na Fatiha. Siku ya nne nikaiona enanga imetundikwa ukutani kwake. Nikamwambia, mbele ya watoto wake, kwamba kitu hicho ni cha makafiri, ni chombo cha shetani, na kwamba malaika hawataingia nyumbani mwake maadamu kimetundikwa pale. Hakubishana nami. Akauliza: "Mwalimu, ndivyo dini isemavyo?" Nikasema: "Ndivyo." Akasimama, akaishusha, akautoa uzi wote akauzungusha mkononi, akautia motoni. Ule mti hakuuchoma. Mkewe akautumia kama chano cha kuanikia maharage.

Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na furaha kubwa. Nikafungua redio, nikasikiliza taarabu kutoka Unguja.

Naomba msomaji asiipite upesi sentensi hiyo, maana hata mimi nilichukua miaka mingi kuiona. Taarabu ile ilipigwa kwa kanuni na udi na fidla, nazo zote ni ala za nyuzi. Yasemwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 mpaka 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni. Na chama cha Ikhwani Safaa kimekuwako Unguja tangu mwaka 1905. Kanuni ni nini, kama si chano cha nyuzi? Kama ni haramu, basi zote mbili ni haramu. Walakini mimi ala iliyotoka Misri niliiona ya heshima, na ala iliyotoka Bweranyange niliiona ya kishenzi. Nilichomwambia mzee yule hakikuwa dini tupu. Ndani yake nilichanganya dharau ya mtu aliyesoma kidogo, anayewaonea haya wazazi wake.

Haya yote yalikuwa yakinisumbua moyoni nilipopata barua ya mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa yu masomoni Marekani. Alinieleza kwamba wenzake walimchukua katika kambi ya muziki na mila ya watu wa Hawaii, ambayo ni visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki, chini ya Marekani. Wazee hufundisha vijana kupiga gitaa kwa namna yao, na ukulele, na ngoma yao ya hula, na lugha yao, na namna ya kusuka majani. Alisema alikaa mkekani mbele ya mzee mmoja, akashindwa kupiga hata wimbo mmoja, kisha yule mzee akamwuliza: "Na kwenu mwapiga nini?" Kijana akaijua enanga kwa jina tu. Akaniandikia kwamba aliona haya.

Nikatafuta habari za watu hao. Mwaka 1830 bibi mmoja mwenye madaraka makubwa huko, Kaahumanu, ambaye alikuwa amebatizwa miaka michache kabla, alitoa amri ya kupiga marufuku hula hadharani. Wamishonari walikuwa wamemwambia kwamba ni uchafu wa kipagani. Zaidi ya miaka arobaini baadaye mfalme wao Kalakaua, aliyetawala tangu mwaka 1874 mpaka 1891, aliirudisha hadharani. Kisha mwaka 1896, ufalme ukiwa umekwisha kupinduliwa, ikatolewa sheria ya kusomesha shule zote kwa Kiingereza, na lugha yao ikakaribia kufa vinywani mwa watoto. Ilipofika miaka ya 1970 vijana wao wakaamka na kuwatafuta wazee waliobaki. Na hilo gitaa lao lina kisa ambacho watu wa Karagwe watakipenda: lilikuja na wachungaji wa ng'ombe kutoka Mexico, walioitwa kwenda kuwafundisha wenyeji kuwakamata ng'ombe waliokuwa wamezidi kondeni. Wenyeji wakalilegeza nyuzi zake, wakalipa sauti yao wenyewe, na kila jamaa wakaificha namna yao ya kulegeza nyuzi kama siri ya nyumba, mpaka wengine wakafa nayo.

Niliposoma habari za bibi Kaahumanu, wallahi, nilikifunga kitabu. Mimi nami nilikuwa Kaahumanu mdogo wa kijiji. Tofauti yetu ni dini tu, na ukubwa wa eneo.

Basi nikamwambia yule mama: "Mpe ruhusa, lakini mimi nitakwenda naye."

Tukaondoka Omurushaka asubuhi kwa gari la abiria mpaka upande wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Wilaya hiyo ilimegwa katika Karagwe mwaka 2012, lakini watu ni walewale. Kambi ilikuwa katika uwanja wa shule iliyofungwa kwa likizo. Walikuwako vijana kama thelathini, wa kiume kwa wa kike, na katika hao tisa walikuwa Waislamu. Wasichana walilala katika nyumba ya mwalimu mmoja wa kike, wavulana madarasani. Nataja hayo kwa kuwa ndiyo wazazi waulizayo kwanza, na wana haki ya kuuliza. Pombe haikuwako. Mzee mmoja wa kufundisha alilalamika kwamba tangu ujana wake hajapata kuimba pasipo kibuyu cha rubisi karibu yake. Wakampa chai ya maziwa, akainywa kwa huzuni, akaimba. Chakula kilikuwa ndizi na maharage, na senene kwa kuwa ulikuwa msimu wao.

Siku ya kwanza hakuna kijana aliyeruhusiwa kugusa uzi. Walifundishwa kukaa na kusikiliza. Mzee aliimba muda wa saa nzima, na hapo nikaona msiba ambao sikuutazamia. Alipofika mahali pa majonzi makubwa, shujaa ameuawa na mama yake anamlilia, vijana wengine walicheka. Hawakucheka kwa ufidhuli. Hawakuelewa maneno. Wamekua wakisema Kiswahili nyumbani na shuleni, na Kinyambo chao ni cha sokoni tu. Mzee aliacha kupiga, akawatazama kwa kitambo. Kisha akaanza kuwaeleza neno moja moja, kama nifanyavyo mimi ninapofasiri sura fupi kwa watoto wadogo.

Siku ya pili na ya tatu wakajifunza kupitisha uzi na kuukaza. Siku hizi hutumia uzi wa nailoni. Kijana wangu alijikata kidole, akafurahi nacho. Nilimwona akirudia pigo moja mara hamsini, na uso wake ulikuwa uleule alionao anaporudia aya iliyomshinda.

Sitasema kwamba yote yalinipendeza. Usiku wa tatu vijana walileta kipaza sauti, wakapiga nyimbo za mjini mpaka saa nane za usiku, wavulana na wasichana wakicheza mahali pamoja, na asubuhi yake niliposimama kuadhini Alfajiri walioamka walikuwa wawili. Niliwaendea wenye kambi nikawaambia bila ya kuficha. Walikubali, na usiku wa nne kipaza sauti hakikuwako. Mzazi atakayempeleka mwanawe mahali kama hapo, na aende mwenyewe au amtume mtu mzima.

Sasa niseme habari ya hukumu, kwani najua kuna wasomaji waliokwisha kushika kalamu ili waniandikie. Sisi wengi wa huku ni Mashafi'i, na kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni kwamba ala za nyuzi haziruhusiwi. Siifichi kauli hiyo wala siipingi. Mimi ni mwalimu wa watoto, si mufti. Imam Ghazali katika Ihyaa ametaja kwamba nyuzi zilikatazwa kwa kuwa zilikuwa alama ya wanywaji wa ulevi na vikao vyao. Ibn Hazm wa Andalusi naye aliona kwamba hadithi za kuharamisha hazikusimama, akaruhusu. Wanavyuoni wengi hawakukubaliana naye. Kosa langu la mwaka 1993 halikuwa kushika kauli ya madhehebu yangu. Nilimwambia Mwislamu wa siku nne kwamba hakuna kauli nyingine duniani, nikamwita yeye na babu zake mashetani, na nikasahau kwamba mtu mkubwa kuliko mimi alikwisha kukanywa katika jambo kama hilo. Sayyidna Abu Bakr aliingia nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, akawakuta wasichana wawili wakiimba nyimbo za vita vya zamani vya Maansari, akawakemea, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, kwani kila kaumu ina sikukuu yake. Na nyimbo zile zilikuwa habari za vita vya Jahiliya, kabla ya Uislamu.

Ama maneno yenyewe, yaani visa na nasaba, nani atayaharamisha? Abu Bakr huyohuyo alisifika kwa kuzijua nasaba za Waarabu. Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari msikitini asome mashairi yake. Nikajiambia: basi njia ipo. Nitamwendea mzee, nimwombe asimulie maneno pasipo enanga, kijana ayaandike, na sote tutakuwa tumesalimika.

Tuliporudi Karagwe nikamwendea siku ya pili yake. Ameshakuwa mkongwe, jicho moja haoni. Mkewe alifariki zamani. Alinikaribisha kwa heshima iliyonichoma, akataka kusimama, nikamzuia. Nikakaa chini mbele yake nikasema:

"Mzee, nimekuja kwa jambo la mwaka 1993."

Akasema: "La enanga."

Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa, kwamba wanavyuoni wamehitilafiana nami sikumwambia, kwamba nilimvunjia heshima mbele ya wanawe, na kwamba namwomba radhi. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mwalimu, mimi sikuiacha kwa kukuogopa wewe. Niliiacha kwa sababu ulisema Mungu ameikataa. Je, sasa Mungu ameikubali?"

Nikasema: "Sijui, Mzee. Wenye elimu wamehitilafiana. Wakati ule nilisema najua, nami sikuwa najua."

Akatikisa kichwa. Nikamweleza shauri langu la kusimulia pasipo ala. Akajaribu. Wasomaji, alijaribu kwa haki. Alianza, akasema maneno kama ishirini, vidole vyake vikawa vinatembea juu ya goti, akasimama. Akaanza tena mahali pengine, akasimama tena. Akasema: "Maneno hayaji. Yako mle katika nyuzi. Mkono ukitangulia, kinywa hufuata." Sikuwa na jibu la kumpa.

Kumbuka, msomaji, kwamba watu kama huyu zamani walikuwa na mahali pao. Walipiga mbele ya watawala, na watawala waliwalisha. Utawala wa machifu ulipoondolewa Tanganyika mwaka 1963, wapigaji wakabaki na arusi na vilabu vya pombe. Kisha tukaja sisi walimu, wa msikitini na wa kanisani pia, kila mmoja kwa kitabu chake. Majina ya nchi hii hayakufutika yote: binti wa huku, Saida Karoli, aliimba kwa Kihaya nyimbo zilizosikika Tanzania nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 Diamond akaurudia wimbo wake. Lakini hizo ni nyimbo za dakika nne. Utenzi wa usiku mzima haukai katika redio.

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Bila ya kuulizwa alikwenda jikoni, akarudi na kile chano cha maharage, akakifuta kwa kanzu yake, jambo ambalo mama yake hatafurahi nalo, akakiweka mbele ya babu yake. Mashimo ya uzi yalikuwa yameziba masizi. Mzee akayapapasa kwa kidole, moja moja, akahesabu mpaka nane. Akaniuliza: "Mwalimu, waruhusu?"

Nikamjibu neno ambalo nimelifikiri tangu siku ile, na sina hakika nalo hata leo: "Mzee, nyumba ni yako. Mimi nitakaa hapa nje niandike."

Ikamchukua kijana siku mbili kuweka uzi. Alhamisi, baada ya madrasa, nilikaa barazani na daftari langu. Naandika Kinyambo kwa hati za Kiarabu, kwani ndizo nilizozizoea mkononi, nami naziongeza nukta mahali ambapo Waarabu hawana sauti zetu. Mzee alipiga vibaya mwanzoni, vidole vimekakamaa, kisha maneno yakaja. Kabla ya Magharibi aliacha mwenyewe, akaomba maji ya udhu.

Sasa daftari limefika ukurasa wa arubaini na mbili. Tumekwama mahali ambapo shujaa anavuka mto pamoja na ng'ombe wake, na mzee ameyasahau majina ya ng'ombe wawili. Asema kuna mtu wa umri wake upande wa Murongo ambaye huenda akayakumbuka. Kijana ataka tumwendee kabla ya Ramadhani, nami nimekubali, kwa sharti la kumaliza kwanza juzuu ya kumi na mbili.